Michezo ya Feti ya Mama Mwenye Mimba kule Marekani



Siku hizi picha nyingi zinatufikia kutoka kwa ndugu zetu walio Marekani. Katika picha hizo mnaona mama mwenye mimba ameketi kwenye kiti kilichopambwa sawa na cha bibi arusi. Wamama wengine wanamzunguka, wamejibana vibanio vya nguo kifuani. Mmoja ananyonya chupa ya mtoto, mwingine amefungwa kitambaa machoni naye anamvika nguo mtoto wa plastiki. Wengi katika internati wametuuliza: hawa watu wakubwa wanacheza nini? Tena mtoto mwenyewe hajazaliwa, furaha hii ni ya nini? Tumeonelea vema kuyaeleza mambo hayo hapa, maana wengine wanacheka tu bila kujua, na wengine wanataka kuiga bila kujua vilevile.

Feti yenyewe inaitwa kwa Kiingereza baby shower. Shower ni manyunyu ya mvua. Maana yake mama ananyeshewa zawadi. Jina hili lilitumika kwanza kwa bibi arusi, mwishoni mwa karne ya 19. Inasimuliwa ya kuwa rafiki zake walitia zawadi ndogo ndogo ndani ya mwavuli, kisha wakaufungua juu ya kichwa chake. Nyuma ya Vita Kuu ya Pili desturi hii ilienea sana kwa wamama wenye mimba. Ndiyo miaka Wamarekani walipozaa sana: toka 1946 mpaka 1964 walizaliwa watoto zaidi ya milioni 70. Zamani zaidi, mama wa kizungu mwenye mimba kubwa alijificha nyumbani. Watu waliona si adabu aonekane.

Juu gani kutoa zawadi mbele ya kuzaa? Hapa inafaa tujue maisha ya kule. Sheria ya mwaka 1993 inampa mzazi majuma 12 ya kukaa nyumbani bila kupoteza kazi yake, lakini bila mshahara, na watu wa kampuni ndogo hawamo. Majimbo kadhaa yameongeza malipo yao, si yote. Kuzaa hospitalini ni franka nyingi, hata kwa mwenye bima. Tena ndani ya gari mtoto hapakatwi: kila jimbo lina sheria ya kumfunga katika kiti chake, na hospitali nyingi zinataka kukiona kiti hicho mbele ya kumruhusu mama kwenda nacho. Kiti kile ni bei. Basi wamama wanakutana, mara nyingi katika mwezi wa saba ao wa nane wa mimba, kila mmoja na kitu chake, na yule mama anarudi nyumbani na vitu ambavyo yeye na bwana wake wasingeweza kuvinunua kwa mwezi mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya feti. (Vitabu vya adabu vya zamani vilikataza mama mwenyewe ao dada zake waipange, kwa kuwa ni sawa na kuomba. Siku hizi wengi hawafuati tena.)

Sasa michezo inaingia wapi? Watu wanaokuja mara nyingi hawajuani. Mmoja ni wa kazini, mwingine jirani, mwingine wifi, mwingine wa kanisa. Wakikaa bure, kila mmoja atazungumza na yule anayemjua, na saa zitapita. Mama anahitaji watu hao wajuane, kwa sababu nyuma ya kuzaa ni wao watakaopikia nyumba yake na kumshikia mtoto alale kidogo. Ndiyo sababu mchezo wa kwanza unaanzia mlangoni.

Kila anayeingia anapewa kibanio cha nguo, kimoja ao vitatu, anakibana kwenye nguo yake. Anaambiwa kuna neno moja lililokatazwa mpaka mwisho, nalo ni mtoto. Ukimsikia mwenzako analisema, unamnyang'anya kibanio. Mwenye vibanio vingi mwishoni anapata zawadi. Ni mchezo mdogo, lakini fikirini: katika feti ya mtoto, katikati ya nguo za mtoto, hapana kusema mtoto! Kila mtu anapashwa kusikiliza vizuri maneno ya mwenzake, hata ya yule asiyemjua, na akimkamata anapashwa kumwendea na kumshika nguo. Haipiti nusu saa, wote wamekwisha kuzungumza. Zamani hawakutumia vibanio, walitumia zile pini zinazojifunga, ambazo Walter Hunt wa New York aliziandikisha kama uvumbuzi wake mwaka 1849. Kila nyumba yenye mtoto ilikuwa nazo kwa kufungia vitambaa vyake. Pampers zilitoka mwaka 1961, vitambaa vya kutupa vikashinda, na pini zikaanza kupotea nyumbani, isipokuwa katika mchezo huu.

Kwa Kiswahili mchezo ni mgumu zaidi. Mwingereza ana neno moja kwa mtoto mchanga na neno lingine kwa mtoto aliyekua. Sisi tunasema mtoto kwa kila mtu: mtoto wa ndugu, mtoto wa kwetu, watoto wa masomo, hata mzee wa miaka 50 ni mtoto wa fulani. Katika feti ya Wakongo wa kule, neno hilo likikatazwa, mbele ya soda ya kwanza vibanio vyote vitakuwa kwa mama mmoja mwenye masikio. Heri kumpa kila mtu vitano ili feti iwe na urefu.

Mchezo wa sinia skauti wetu wanaujua. Ni ule wa Kim, uliotoka katika kitabu cha Rudyard Kipling cha mwaka 1901, na Baden-Powell aliutia katika mafundisho ya skauti mwaka 1908. Kule wanapanga juu ya sinia vitu 15 ao 20 vya mtoto: sabuni, soksi, kijiko, kofia, mafuta, kitana, kipimo cha homa. Watu wanatazama dakika moja, sinia linafunikwa, kila mtu anaandika anavyokumbuka. Mpaka hapo hakuna jipya. Lakini kuko hila moja. Mama mwenye mimba mwenyewe ndiye anapitisha sinia mbele ya watu, polepole, kisha anatoka nalo nje. Watu wameshika kalamu tayari kuandika sabuni na soksi. Ndipo swali linakuja: mama amevaa rangi gani? Viatu vya namna gani? Alikuwa na hereni? Nywele zake zimesukwa ao zimefungwa kitambaa? Chumba kinanyamaza. Wote walitazama vitu, hakuna aliyemtazama mama. Sisi huu tunauweka juu ya michezo yote.

Mwingine unaopendwa sana ni wa picha. Kila mgeni analeta picha yake ya utoto, zinabandikwa ukutani na namba, watu wanakisia ni nani. Ni mchezo mzuri kwa mtu aliyezaliwa na kukua pahali pamoja. Lakini Wakongo wengi wa kule walipita kambini. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Septemba 2016, Marekani ilipokea wakimbizi wa Kongo zaidi ya 16,000, wengi kuliko wa nchi yoyote nyingine mwaka ule. Wengi wao walikuwa wamekaa miaka mingi Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Mtu aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni hakubeba picha. Mwambie alete ya utoto wake: atasema nimeisahau, na siku ya feti atakaa kimya katika kona, ao hatakuja kabisa. Na huyo ndiye pengine angemsaidia mama kuliko wote, maana amezalisha wenzake katika hema. Mwenye kupanga michezo anapashwa kufikiri hiyo mbele.

Kuna namna ya kuugeuza. Badala ya picha, kila mtu anaandika katika karatasi jambo moja aliloambiwa juu ya utoto wake: alizaliwa wapi, nani alimpa jina, alikuwa wa kulia usiku ao wa kulala, alitembea na miezi mingapi. Asiyejua kuandika anamnong'oneza msomaji. Karatasi zinachanganywa ndani ya kofia, zinasomwa moja moja, na watu wanakisia. Haitaki picha wala franka.

Mchezo wa majina unachezwa hivi: karatasi ina herufi A mpaka Z, na ndani ya dakika tatu uandike jina la mtoto kwa kila herufi. X inawasumbua wote. Tunawapa wazo ndugu zetu wa kule: waulize majina ya mapacha. Mbuyi na Kabanga ni ya wapi? Ni ya Waluba wa Kasai. Kyungu na Kabange? Waluba wa Katanga. Nsimba na Nzuzi? Bakongo. Watoto waliozaliwa kule wengi hawayajui, na hapo kuna pahali pa kuyasikia.

Kisha kuna michezo ya kukisia. Peremende ngapi ndani ya chupa, mtoto atakuwa na kilo ngapi, atazaliwa siku gani. Kwa siku, wanabandika kalenda ukutani na kila mtu anaandika jina lake juu ya siku moja. Wengi wanakimbilia siku iliyotajwa na daktari, na hapo wanakosa: katika watoto 100, wanne ao watano tu wanazaliwa siku ileile. Mimba inahesabiwa majuma 40 toka siku ya kwanza ya damu ya mwisho, lakini toka juma la 37 mtoto anahesabiwa kuwa amefika wakati wake. Kwa kilo, wengi wanazaliwa kati ya 2.5 na 4. Chini ya 2.5 waganga wanamwangalia kwa uangalifu zaidi. Ninyi wa kalasi za hesabu mjaribu jambo hili hata kwa chupa ya maharagwe: watu wakiisha kuandika makisio yao, yapangeni toka dogo mpaka kubwa na mchukue la katikati. Mara nyingi linakaribia kweli kupita la mtu mmoja mmoja. Francis Galton alionyesha hiyo mwaka 1907, kwa karatasi 787 za watu waliokisia uzito wa nyama ya ng'ombe mmoja katika maonyesho ya Uingereza. La katikati lilikuwa kama kilo 547, na mizani ilisema 543.

Lakini kuko kukisia kwingine, ni kwa tumbo la mama. Kila mtu anakata uzi anaofikiri utalizunguka, kisha wanakuja mmoja mmoja kumzungushia. Uzi ukizidi mno, watu wanaanguka kwa kicheko. Huu hatuupendi. Mama amevimba miguu, usiku hapati usingizi, na sasa watu 20 wanampima kiuno machoni pa wote. Kama yeye mwenyewe anautaka, ni feti yake. Lakini aulizwe mbele, wakiwa wawili tu. Akiulizwa katikati ya watu, wote wameshika nyuzi, atakataa namna gani?

Zamani feti ilikuwa ya wanawake tu. Siku hizi wababa wanaalikwa mara nyingi, na wanapewa kazi yao. Puto linatiwa ndani ya shati pahali pa tumbo, na baba anapashwa kuinama afunge kamba za viatu, aokote kijiko, alale chini na kuinuka, bila kulipasua. Safari hii kicheko ni kwa baba, na mama anacheka akiwa ameketi. Tena baba anajifunza kitu kidogo, maana kuinama na tumbo kubwa si maneno. Yule wa kumvika mtoto wa plastiki, macho yamefungwa, ni wa wababa vilevile. Wengi wanatia miguu miwili ndani ya mkono mmoja wa nguo.

Mchezo wa barafu ni mfupi: watoto wa plastiki, wadogo sawa na kidole, wanagandishwa ndani ya vipande vya barafu, na kila mgeni anatiliwa kimoja katika kopo lake. Yule ambaye mtoto wake anatoka kwanza anapiga kelele, Maji yamepasuka! Kutafuna hairuhusiwi. Watoto wadogo wa kweli wasipewe, wanaweza kumeza. Kuna pia wa kuonja: makopo ya chakula cha watoto, kama yale kampuni ya Gerber ilianza kuyauza mwaka 1928, yanabanduliwa karatasi ya jina na watu wanakisia kama ni karoti ao njegere. Haya. Ule wa kuyeyusha chokoleti ndani ya Pampers ili watu wanuse tunautaja tu kwa kuwa mtauona kwenye picha. Mtu aliyesimama foleni kambini kwa unga haoni kicheko katika chakula kilichofananishwa na uchafu.

Walimu wetu wa biolojia watapenda ule wa Kweli ao Uongo. Msomaji anasoma neno. Anayeona ni kweli anasimama, anayeona ni uongo anabaki ameketi. Mtoto mchanga alazwe kifudifudi? Uongo. Toka mwaka 1992 madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri asilazwe hivyo, kampeni kubwa ya kumlaza chali ilianza 1994, na vifo vya ghafula vya watoto wakiwa usingizini vilishuka karibu nusu katika miaka iliyofuata. Asali kidogo ni dawa nzuri ya kikohozi kwa mtoto wa miezi minne? Uongo, mbele ya kutimiza mwaka mmoja, asali inaweza kumpa botulismi, ugonjwa unaolegeza mwili mpaka kwenye pumzi. Anapashwa kupewa maji ya kunywa wakati wa joto, miezi ya kwanza? Uongo vilevile, maziwa ya mama yanatosha mpaka miezi sita. Hapo wamama wanabishana sana, kila mmoja ana nyanya yake aliyefanya vingine, na mabishano hayo ndiyo utamu wenyewe. Mchezo huu unaweza kuchezwa hata hapa kwetu, siku ya kupima watoto ku dispansari, wamama wakingoja zamu kwenye benchi.

Msichanganye feti hii na nyingine iliyokuja nyuma, ya kutangaza kama mtoto ni wa kiume ao wa kike. Mwaka 2008 mama mmoja wa kule alikata keki mbele ya jamaa, rangi ya ndani ikaonyesha ni binti. Aliandika habari hiyo na watu wakaiga. Keki haina ubaya. Lakini kila mmoja alitaka kumpita mwenzake, mpaka wakafika kwenye moshi wa rangi na vitu vya kulipuka. Mwezi wa nne 2017, Arizona, mlipuko wa namna hiyo uliwasha moto ulioteketeza karibu hektari 19,000. Yule mama wa keki alisema wazi mwaka 2019 ya kuwa anajuta. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, kifaa cha moshi cha feti kama hiyo kiliwasha moto mwingine California, na mzima-moto mmoja alikufa.

Linabaki lile swali la internati, furaha mbele ya kuzaa. Katika nyumba nyingi za kwetu hawanunui nguo mtoto akiwa bado tumboni, ao wananunua na kuficha. Hatuko peke yetu. Wayahudi wengi wa Marekani nao hawafanyi feti hii mbele ya kuzaa. Wengine wanaagiza kitanda dukani na wanakiacha kulekule mpaka mtoto atoke. Na mama aliyepoteza mimba ya kwanza, ukimketisha katikati ya maputo, hofu yake haionekani katika picha. Kwa hiyo kuko wanaongoja. Mama akiisha kuzaa na kupata nguvu kidogo, ndipo wanaitana. Vibanio vinabaki, sinia linabaki, na karatasi za utoto pia. Kalenda inaondolewa ukutani. Nyuzi za tumbo hazina kazi tena. Na ule wa kilo hauchezeki, isipokuwa kwa wale waliochelewa kusikia habari.